Maji Yanayong'aa Si Lazima Yawe Salama: Majaribio Matano ya Kufanya na Watoto Nyumbani



Mtoto akiletewa vikombe viwili, kimoja cha maji ya matope na kingine cha maji yanayong'aa, atachagua yanayong'aa. Hata sisi wazazi tungefanya hivyo. Lakini kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa mengi ya kuharisha huja pia kwa maji ambayo jicho limeyapitisha. Mwezi Februari 2018 wakimbizi waliovuka Ziwa Albert kutoka Kongo walipatwa na mlipuko wa kipindupindu wilayani Hoima, Uganda, na zaidi ya watu elfu moja waliugua. Jicho peke yake halitoshi kutulinda.

Somo hili lina majaribio matano ambayo mtoto wa miaka 7 na kuendelea anaweza kuyafanya akiwa na mtu mzima. Vifaa ni vya nyumbani: chupa tupu, mchanga, makaa, chumvi, kitambaa na sabuni. Shabaha ni mtoto ajionee mwenyewe kwa nini tunamwambia kila siku, "Usinywe maji hayo," na "Nawa mikono."

TUANZE NA MTO NAMATALA

Mfano wetu ni mto Namatala, mashariki ya Uganda. Mto huu hutoka kwenye miteremko ya mlima Elgon, ambao Wamasaba huuita Masaba. Huteremka hadi Mbale, na jina lake ndilo jina la mtaa wa Namatala, mtaa wenye msongamano wa watu wa makabila mengi, wakiwemo Wakaramoja. Ukitoka mjini, mto huingia katika bonde la majimaji lenye mafunjo kati ya Mbale, Budaka na Butaleja. Mwishowe maji yake hufika mto Mpologoma na Ziwa Kyoga.

Kila mmoja wetu anaujua mto wa namna hiyo. Juu mlimani unachota maji meupe. Ukishuka kidogo, kuna mashamba na mifugo. Ukishuka tena, kuna nyumba, vyoo, gereji na soko. Mvua ikinyesha, vyote hivyo huoshwa kuingia mtoni. Anayechota chini hunywa yaliyofanyika juu.

ANGALIZO: Usimtume mtoto mtoni kuchota maji ya majaribio. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, baada ya mvua kubwa, mito ya Mbale, ukiwemo Namatala, ilifurika ghafla na zaidi ya watu 20 walifariki. Maji ya matope unaweza kuyatengeneza nyumbani: koroga konzi moja ya udongo ndani ya lita mbili za maji.

JARIBIO LA 1: MATOPE YANAKWENDA WAPI?

Vifaa: chupa mbili za plastiki zinazopitisha mwanga, za lita moja, maji ya matope, mbegu moja au mbili za mlonge zilizokauka (wengine huuita moringa), kijiko, kitambaa.

Namna ya kufanya:
1. Jaza chupa zote mbili maji yaleyale ya matope, kwa kiasi sawa.
2. Menya mbegu za mlonge, uzitwange ziwe unga, ukoroge unga huo katika maji safi kidogo, kisha chuja kwa kitambaa. Utapata maji meupe kama maziwa.
3. Mimina maji hayo katika chupa moja tu. Tikisa kwa nguvu kwa dakika moja, kisha taratibu kwa dakika tano.
4. Weka chupa zote mbili mahali pamoja. Zisiguswe kwa muda wa saa mbili.

Mtoto ataona nini? Katika chupa yenye mlonge, matope hugandamana vipande vipande na kuzama haraka kuliko katika ile nyingine. Kinachofanya kazi ni protini iliyo ndani ya mbegu. Chembe za matope husukumana, ndiyo maana huelea. Protini ya mlonge huzikusanya, zikawa nzito, zikazama. Wanawake wa Sudan wanaochota maji ya mto Nile wameitumia mbegu hii tangu zamani.

Kwa nini chupa mbili? Muulize mtoto swali hili kabla ya kumjibu. Tungekuwa na moja tu, tusingejua kama matope yamezama kwa sababu ya mlonge au kwa sababu ya kutulia tu. Chupa ya pili ndiyo shahidi wetu. Hata wataalamu hufanya hivyo. Huko Kajiado, Kenya, watafiti waliwapa watoto wa Kimaasai chupa za plastiki za maji. Baadhi waliambiwa wazianike juu ya paa siku nzima, wengine waziweke ndani ya nyumba. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996: waliokunywa maji yaliyoanikwa juani waliharisha kidogo kuliko wenzao. Bila lile kundi la ndani ya nyumba, jua lisingekuwa na ushahidi.

JARIBIO LA 2: BONDE LA MAFUNJO NDANI YA CHUPA

Vifaa: chupa ya plastiki ya lita moja au mbili, kisu (kazi ya mtu mzima), kitambaa safi au pamba, makaa yaliyopondwa, mchanga laini, mchanga wa chengachenga, kokoto ndogo, chombo cha kukingia.

Namna ya kufanya:
1. Osha mchanga, kokoto na makaa mpaka maji ya kuoshea yasiwe na vumbi.
2. Mtu mzima akate kitako cha chupa. Igeuzeni, mdomo uwe chini.
3. Zibeni mdomo kwa kitambaa au pamba. Juu yake wekeni makaa, kisha mchanga laini, kisha mchanga wa chengachenga, na juu kabisa kokoto.
4. Mimineni maji ya matope taratibu, mkikinga yanayotoka chini.

Mtoto ataona nini? Maji ya kwanza huwa machafu kidogo, yanayofuata huwa na nafuu. Kokoto huzuia majani na takataka, mchanga huzuia udongo, na makaa hupunguza rangi na harufu.

Bonde la Namatala hufanya kazi kama hiyo kwa ukubwa wa maelfu ya hekta. Maji ya mto hupunguza mwendo yakifika kwenye mafunjo. Udongo hutua, na mizizi hufyonza sehemu ya mbolea na uchafu uliotoka mjini. Hata maji yanayotoka kwenye mabwawa ya maji taka ya Mbale huishia bondeni humo. Lakini sehemu kubwa ya mafunjo ya upande wa juu imekwisha kulimwa mpunga na mazao mengine. Wakulima wanahitaji chakula, hilo halina ubishi. Hata hivyo mtoto anaweza kujionea hasara yake: toeni mchanga katika chupa, mbaki na kokoto tu, kisha mimineni tena maji ya matope. Yatapita jinsi yalivyo.

ANGALIZO: Maji yaliyopita katika kichujio hiki yasinywewe. Sababu iko katika jaribio linalofuata, ambalo ndilo kubwa kuliko yote katika somo hili.

JARIBIO LA 3: KISICHOONEKANA

Vifaa: vikombe viwili safi, maji yaliyochemshwa na kupozwa, kijiko kidogo cha chumvi, kitambaa kipya kilichofuliwa, mfuniko wa sufuria wa rangi nyeusi au wenye masizi kwa nje.

Namna ya kufanya:
1. Mtoto anawe mikono kwa sabuni.
2. Koroga chumvi katika kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa mpaka isionekane tena.
3. Muulize: "Maji haya yana kitu au hayana?" Atazame kwenye mwanga. Yanang'aa.
4. Kunja kitambaa mara nne, mchuje maji hayo kuingia kikombe cha pili.
5. Muulize tena: "Sasa tumeondoa kila kitu?"
6. Achovye ncha ya kidole chake na kuonja.

Mtoto atakunja uso. Chumvi ingalimo. Imepita katika kitambaa cha mikunjo minne, na jicho halikuiona ikipita. Kisha dondosheni matone machache juu ya ule mfuniko mweusi na kuuacha juani. Maji yakikauka, weupe wa chumvi utabaki. Kilichokuwa kimejificha kimetokea.

Hapo ndipo mzazi aseme: "Vijidudu vya kuharisha navyo ni hivyo. Huvioni, na kitambaa hakivizuii vyote." Vijidudu vya kipindupindu ni vidogo kiasi kwamba mamia kadhaa vikipangwa mstari mmoja vitaenea ndani ya milimita moja. Maji ya chupa ya Jaribio la 2 yanaweza kung'aa na bado yakawa navyo.

Tofauti moja mtoto aelezwe asije akachanganya. Chumvi haiondoki kwa kuchemsha, lakini vijidudu ni viumbe hai, vinakufa. Njia za kuviua ni hizi:

- Kuchemsha: maji yatokote kwa dakika moja au zaidi, kisha yapoe ndani ya chombo kilichofunikwa.
- Klorini: tumia kidonge au dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na usubiri dakika 30. Maji ya matope hupunguza nguvu ya klorini, kwa hiyo yatulizwe na kuchujwa kwanza.
- Jua: chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, ilazwe juani kwa saa 6. Siku za mawingu mengi, siku mbili mfululizo. Kabla ya kuianika, simamisha chupa iliyojaa juu ya kichwa cha habari cha jarida hili na utazame kwa kupitia mdomoni. Kama huwezi kusoma herufi kubwa zilizo chini yake, maji bado yana matope mno na jua halitaweza.

Mara nyingi watu hulalamika kwamba maji ya bomba kambini yananuka dawa. Harufu hiyo ni ya klorini iliyobaki kuyalinda maji mpaka nyumbani kwako. Kipimo kinachotakiwa bombani ni miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Ukimwona mtumishi wa maji akitia kidonge katika chombo kidogo na maji yakageuka rangi ya waridi, mwite mtoto atazame. Naye anafanya jaribio la kuona kisichoonekana.

JARIBIO LA 4: MIKONO ILIYOONEKANA SAFI

Vifaa: mafuta ya kupikia, matone machache, unga laini wa makaa, maji, sabuni, watoto watatu.

Namna ya kufanya:
1. Kila mtoto ajipake mafuta kidogo viganjani, kisha unga wa makaa. Huo ndio "uchafu wa chooni" wa kuigiza.
2. Wa kwanza atumbukize mikono katika beseni la maji mara moja na kuitoa.
3. Wa pili anawe kwa maji yanayotiririka bila sabuni, huku wote wakihesabu hadi 20.
4. Wa tatu anawe kwa maji yanayotiririka na sabuni, akisugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha, wakihesabu hadi 20.
5. Wote watatu wajifute kwa vipande vya kitambaa cheupe na kuvilinganisha.

Kitambaa cha tatu ndicho kitakachokuwa na weusi mdogo kuliko vyote. Uchafu hushikamana na mafuta ya ngozi, na maji peke yake hayashiki mafuta. Sabuni ina upande unaoshika mafuta na upande unaoshika maji, kwa hiyo huyang'oa mafuta na kuyasafirisha pamoja na uchafu wake.

Watoto walitazame na lile beseni. Mtu wa pili akinawa humo, atapata weusi wa mtu wa kwanza. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwenye msiba au sherehe, beseni moja likipitishwa kwa wageni wote. Heri kibuyu chirizi: jerikeni dogo lenye tundu, lililoning'inizwa kwa kamba na kuinamishwa kwa mguu. Kila mtu hupata maji yake mapya, na maji hayapotei.

JARIBIO LA 5: MTOTO WA KIBUYU

Jaribio hili limetumika katika nchi nyingi kupitia mafunzo ya Mtoto kwa Mtoto, yaliyoanzishwa London mwaka 1978 kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto uliofuata. Watoto ndio mara nyingi wanaowalea wadogo zao mama akiwa shambani au kwenye mgao wa chakula. Kwa hiyo wao nao wajue.

Vifaa: kibuyu au chupa ya plastiki, msumari, vijiti vitatu vya kuzibia, kitambaa chepesi, maji.

Namna ya kufanya:
1. Mtu mzima akate sehemu ya juu ya chupa. Watoto wachore uso.
2. Toboeni matundu matatu: moja juu karibu na jicho (machozi), moja katikati (mkojo), moja chini upande wa nyuma (kuhara). Yazibeni kwa vijiti.
3. Jazeni maji mpaka juu kabisa. Tandikeni kitambaa kilicholowa kikigusa maji. Huo ni utosi.
4. Ondoeni vijiti vyote. Tazameni bila kusema neno.

Kwanza utosi hubonyea. Kisha machozi hukatika. Kisha mkojo hukatika. Kuhara bado kunaendelea. Mtoto wa kweli naye huonyesha dalili hizo: utosi na macho huingia ndani, hulia bila machozi, mkojo huwa haba au hukoma. Wengi wanaokufa kwa kuharisha huuawa na kukaukiwa maji na chumvi mwilini.

5. Jazeni tena, mfungue tundu la chini peke yake. Safari hii mtoto mmoja aongeze maji kwa kikombe kadiri yanavyotoka. Utosi haubonyei.

Waulize watoto: "Anayeharisha anyimwe maji ili tumbo likauke, au apewe zaidi?" Kibuyu kimekwisha kujibu.

Cha kumpa ni maji ya ORS yaliyochanganywa kwa maji salama kama pakiti inavyoeleza. Pakiti ikikosekana, changanya:
- lita moja ya maji salama,
- vijiko vidogo 6 vya sukari, vilivyosawazishwa,
- nusu kijiko kidogo cha chumvi, kilichosawazishwa.

Onja kwanza: yasizidi chumvi ya machozi. Chumvi nyingi ni hatari. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kikubwa kila anapoharisha. Mkubwa zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika 10, uanze tena kwa kijiko, polepole. Mchanganyiko uliopita saa 24 umwagwe. Kunyonya kusikome, na chakula kisikome. Kituoni atapewa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14.

Nguvu ya dawa hii ilionekana kambini, kwa watu kama sisi. Mwaka 1971 wakimbizi kutoka nchi ambayo leo ni Bangladesh walijaa katika mji wa Bangaon, India, na kipindupindu kikawapata. Dripu zikapungua. Daktari Dilip Mahalanabis na wasaidizi wake wakachanganya chumvi na glukosi katika maji, wakawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Vifo, ambavyo vilikuwa karibu watu 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka hadi chini ya 4.

MPELEKE KITUO CHA AFYA MARA MOJA mtoto anayeharisha kama: hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au haamki vizuri, ana degedege, macho yameingia ndani, kinyesi kina damu, au anaharisha majimaji mengi kama maji ya mchele. Endelea kumpa ORS njiani.

KWA WAZAZI NA WALEZI

Usimpe mtoto jibu kabla ya jaribio. Muulize kwanza, "Unadhani itakuwaje?" Akikosea usimcheke, mwache matokeo yamfundishe. Likishindikana, lirudieni mkibadilisha kitu kimoja tu. Wasichana na wavulana wafanye sawa, tena aliyefundishwa leo amfundishe mwenzake kesho. Vifaa vilivyotumika kwa matope visirudi jikoni, na mwisho wa kila jaribio wote wanawe kwa sabuni.

MASWALI YA KUJIPIMA (jibuni pamoja nyumbani)

1. Kwa nini tulitumia chupa mbili za matope na si moja?
2. Maji yamepita katika mchanga na makaa, sasa yanang'aa. Kimebaki kufanywa nini kabla ya kuyanywa?
3. Kwa nini sabuni hushinda maji matupu?
4. Katika mtoto wa kibuyu, kipi kilikatika kwanza, machozi au mkojo? Ungemwona mdogo wako hivyo ungefanya nini?

Mtoto akiweza kujibu swali la pili na la nne bila kusaidiwa, nyumba yako imepata mlinzi.